Hatua 70 kutoka ukingoni

Mto unakata kona kubwa pale, umejikunja kama kiwiko, na ndani ya kile kiwiko kuna mchanga mweupe uliotandazika vizuri kama shuka iliyopigwa pasi. Tulikuwa tumetembea tangu asubuhi. Binti ya kaka yangu, mwenye miaka 15, alikuwa kwenye kambi yake ya kwanza isiyo na bomba, choo wala taa. Alilitua shanta lake pale kabla sijamfikia, akavua viatu, akatumbukiza miguu majini.

"Shangazi, tumefika!"

"Bado, mwanangu. Hapa hatulali."

Alinitazama kama mtu aliyenyang'anywa kitu. Nilimwelewa. Mahali penyewe palikuwa tambarare, hapakuwa na jiwe wala mzizi, maji yalikuwa hatua tatu tu, na upepo ulikuwa mwanana. Ukimwambia mtu yeyote achague pa kulala kando ya mto, nadhani atachagua pale pale. Mimi mwenyewe nilishawahi kupachagua.

Sikumhubiria. Nilimwomba avae viatu, tukasogea hadi kwenye miti ya nyuma ya ule mchanga, nikamwonyesha matawi. Juu ya vichwa vyetu kulikuwa na majani makavu yaliyosokotana kwenye matagaa, vijiti, na kipande cha kamba ya nailoni, vyote vimelalia upande mmoja, ule maji yanakoelekea. Nikamwambia anyooshe mkono avishike. Akajinyoosha mpaka ncha za vidole vya miguu, havikushikika.

"Nani kaviweka huko?"

"Mto."

Akakaa kimya. Akageuka kuutazama mchanga, akayatazama tena matawi. Nikaona kwenye uso wake kwamba hesabu imeingia.

Nina sababu ya kuwa mkali kwenye jambo hili. Miaka mingi nyuma, nikiwa na umri usiozidi sana wa kwake, nililala kwenye mchanga kama ule, kwenye mto mwingine. Mbingu ilikuwa nyeupe kwa nyota, na halikudondoka tone la mvua pale tulipokuwa. Saa tisa usiku niliamka nikisikia ubaridi mgongoni, nikadhani nimebingirika nje ya mkeka wangu wa sponji. Nilipoweka kiganja chini, kikazama. Maji yalikuwa ndani ya hema, yametulia, yanapanda bila kelele. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu milimani mchana uliopita, nasi tulikuwa tumelala kwenye njia yake. Tulitoka na tulichoweza kushika. Sufuria ilikwenda, kiatu changu kimoja kilikwenda, na nilisimama juu ya ukingo hadi kunapambazuka nikiwa nimelowa na meno yakigongana. Hakufa mtu. Lakini mpaka leo nikiingia hemani huwa naigusa ardhi kwa kiganja kabla ya kulala.

Kwa hiyo tulipanda juu. Kuna kanuni inayofuatwa sehemu nyingi duniani, watu wa Leave No Trace, shirika linalofundisha kutembea porini bila kuacha athari, wanaifundisha: kambi iwe mita 60 kutoka kwenye maji, ambazo kwa mtu mzima ni kama hatua 70. Wengi huichukulia kama amri ya kuwasumbua tu wenye hema. Ina sababu zaidi ya moja, na mafuriko ni moja tu kati yake. Wanyama nao wanakunywa pale, wengi wao usiku, na ukiweka hema kwenye mlango wa maji umewafungia kisima. Mkojo wako, mabaki ya chakula na maji uliyooshea sufuria vinahitaji udongo wa kuvichuja kabla havijafika mtoni. Halafu kuna baridi, ambayo wageni wa mito hawaitarajii: hewa baridi ni nzito, usiku huteremka taratibu kwenye miteremko na kujikusanya bondeni kama maji yanavyojaa bakuli. Ukipanda mita chache tu juu ya bonde, unaweza kulala na nguo moja pungufu.

Nikamwambia ahesabu yeye. Alihesabu kwa sauti. Kwenye hatua ya 52 alipata mahali pazuri akasimama kunitazama, mimi nikaendelea kutembea. Kwenye 74 tulifika kwenye kibaraza cha ardhi, kimeinuka kuliko bonde, na udongo wake ulikuwa mgumu, tayari umekanyagwa na waliotutangulia. Nilipenda hilo. Mahali palipokwisha kuchakaa ni afadhali kupatumia tena kuliko kuua majani mapya pembeni. Nikainua kichwa kukagua miti: tawi moja kubwa lilikuwa kavu, limepasuka kwenye shina, linaning'inia kwa uzito wake. Tukasogea hatua nane zaidi. Mtu anayepiga kambi huangalia chini kutafuta mawe, akasahau kwamba kinachoweza kumuua kiko juu.

Hema lilisimama kwa shida, kwa kuwa vigingi viwili vilikataa kuingia na ilibidi tufunge kamba kwenye mawe. Kisha tukateremka mtoni kuchota maji, na hapo nilifanya kitu ninachokifanya kila safari: nilichukua kijiti, nikakichomeka wima pale pale maji yanapokutana na mchanga. Binti akauliza cha nini. Nikamwambia ni saa yetu.

*

Jioni alikuwa bado amenuna kidogo kwa ajili ya ule mchanga. Hakusema, lakini alikaa akiuelekea. Nilikuwa nimechemsha chai kwa majani yasiyochujwa, nikaona nijaribu kumweleza mto kwa kikombe.

"Koroga kwa nguvu, halafu utoe kijiko. Majani yataishia wapi, pembeni au katikati?"

"Pembeni. Kitu kikizungushwa si kinatupwa nje?"

Akakoroga, akamulika ndani kwa tochi ya kichwani. Majani yalizunguka, yakapoa, yakajikusanya katikati ya kitako cha kikombe, rundo dogo jeusi. Akakoroga tena. Ikawa vile vile. Akaniangalia.

Ni hivi. Maji ya juu kikombeni yanazunguka kwa kasi na kusukumwa nje kwenye ukuta. Yale ya chini yanakwaruzana na kitako, kasi yao inapungua, hayana nguvu ya kubaki nje, basi yanateleza kurudi katikati, nayo ndiyo yanayoburuta majani. Kona ya mto ni kikombe hicho hicho. Maji ya juu, yenye kasi, yanagonga ukingo wa nje na kuuchimba mpaka unakuwa kama ukuta. Maji ya chini yanateleza kuelekea upande wa ndani yakiburuta mchanga, na huko yanautua. Mwaka 1926 Albert Einstein aliandika makala akieleza kwa nini mito hujipinda, na mfano alioutumia ulikuwa ni hayo majani ya chai. Nakipenda sana kisa hicho. Mtu aliyefikiri juu ya mwanga na nyota alikaa pia akatazama kikombe.

"Kwa hiyo ule mchanga," binti akasema polepole, "ni majani ya chai."

Ndiyo. Mto uliubeba, ukauweka pale, na siku utakapopanda utakuja kuuchukua. Ulaini uliotuvutia ndio ushahidi kwamba maji hupita pale mara kwa mara. Kama yangekuwa hayapiti, majani yangeota, vichaka vingeshika, mizizi ingejaa. Kando ya mto ninaanza kwa kutazama umri wa mimea: mchanga mtupu ni wa mwaka huu, majani mafupi ni ya mwaka mmoja au miwili, na mti mnene uliosimama wima unaniambia kwamba kwa muda mrefu hapo hapajang'olewa kitu.

Hatukuwasha moto usiku ule. Hifadhi inaruhusu moto mahali palipotengwa tu, na hapo tulipokuwa hapakutengwa, basi tulitumia jiko dogo la gesi. Nilimwonya hata hivyo, kwa sababu siku moja atawasha: mawe ya mtoni usiyatumie kuzungushia moto. Maji yamejificha ndani ya nyufa zake, yakipata joto yanageuka mvuke, na jiwe linapasuka kwa kishindo na kurusha vipande.

Kulala kando ya mto kuna jambo ambalo sijaweza kulizoea, na nisingependa kulizoea. Mchana sauti ya maji unaisikia kama kitu cha nyuma. Usiku inakuja karibu. Sehemu ya sababu ni utulivu wa vitu vingine, sehemu ni hewa yenyewe: ardhi ikipoa, hewa ya chini inakuwa baridi kuliko ya juu, na sauti ambayo mchana ingepaa inapindishwa kurudi chini. Hatua 80 na zaidi kutoka ukingoni niliusikia mto kuliko nilivyousikia nikiwa nimesimama ndani yake. Binti akanong'ona kwamba anasikia watu wakizungumza. Nikamwambia wote husikia. Maji yakipiga mawe yanameza hewa, mapovu yanatetemeka, kila povu lina sauti yake kwa ukubwa wake, na masikio yetu, kwa kuwa yamezoea binadamu, yanatafuta maneno humo.

"Wanasema nini?"

Nikamwambia kwamba mimi husikia watu walioko chumba cha pili, wanaongea jambo la kawaida, hawana haraka. Akalala kabla sijamaliza.

*

Asubuhi bonde lilikuwa limejaa ukungu. Maji ya mto yalikuwa na joto kuliko hewa iliyoshuka usiku, mvuke wake ukageuka matone madogo papo hapo, na sisi kwenye kibaraza chetu tulikuwa juu ya ule weupe, tunauona kwa juu kama maziwa. Turubai la hema lilikuwa kavu. Tungelala chini, tungeamka tumelowa bila mvua.

Tulipoteremka, kijiti hakikuonekana. Binti alikitafuta kwanza kwenye mchanga, akidhani kimeanguka. Kisha akakiona, ndani ya maji, ncha yake tu ikitikisika. Maji yalikuwa yamepanda shubiri na vidole vinne. Hayakuwa mafuriko, wala yasingemuua mtu. Lakini mahali alipotua shanta lake jana palikuwa panang'aa kwa maji, na rangi ya mto ilikuwa imebadilika kutoka kijani kuwa kahawia ya maziwa. Hatukupata tone la mvua usiku kucha.

Hakusema kitu. Alisimama pale muda mrefu.

Maji ya kahawia yana kazi. Tulichota kwenye ndoo ya turubai, tukayaacha yatulie wakati tunakunja hema, kisha tukayamimina polepole kupitia kitambaa, ndipo tukayachemsha. Watu wana dhana kwamba maji yanayokwenda mbio ni safi. Mbio haziui kijidudu chochote. Huko juu usikokuona kunaweza kuwa na mnyama aliyekufa majini, au mtu aliyejisaidia ukingoni. Kuchemsha ndiyo njia ninayoiamini kuliko zote: yakishachemka kwa nguvu, dakika moja inatosha, na ukiwa juu ya mita 2,000 ziwe dakika tatu kwa kuwa huko maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Kichujio chenye vitundu vya mikroni 0.2 (mikroni ni sehemu moja ya milioni ya mita) kinashika bakteria na vile vimelea vikubwa zaidi kama giardia, ila virusi hupenya. Vidonge vya klorini vinaua virusi na bakteria, lakini kimelea kiitwacho kriptosporidiamu kinavistahimili. Mimi hubeba vyote viwili kwa dharura, na gesi ya kutosha ili nisivihitaji. Na kama uko kwenye nchi za joto, kumbuka kwamba kichocho hakihitaji kunywewa, kinaingia kwa ngozi, hasa kwenye maji yaliyotulia ambamo konokono wanaishi. Usiruhusu uzuri wa kidimbwi ukuamulie.

Kuhusu choo, nitasema wazi kwa sababu watu wengi wanakwama hapo na wanaona aibu kuuliza. Binti aliniuliza kwa kuzunguka zunguka, nikampa sepeto dogo na maelekezo: hatua 70 kutoka mtoni, kutoka kambini na kutoka njiani, shimo la kina cha sentimita 15 hadi 20, hapo ndipo udongo una uhai mwingi wa kuozesha. Ukimaliza rudisha udongo wako, funika. Karatasi tunarudi nazo kwenye mfuko uliofungwa. Taulo za hedhi vile vile, hazizikwi, wanyama wanazifukua. Aliondoka ameinamisha kichwa. Aliporudi alikuwa anatembea kama mtu aliyepata leseni.

*

Siku ya pili tulitaka kufika kwenye maporomoko. Kwenye ramani ni kilomita 10 na kupanda mita 300. Mwaka 1892 Mskoti mmoja mpanda milima, William Naismith, alitoa kanuni ambayo bado inanisaidia: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 unazopanda. Hiyo ni saa mbili na nusu. Mimi huongeza theluthi kwa shanta zito, na tena kidogo kwa mtu anayesimama kupiga picha kila uyoga. Tulipanga mwendo wa saa nne, tukaondoka mapema.

Njia ilikuwa nzuri, sina mengi ya kusema juu yake. Ilifuata ukingo, ikaingia msituni, ikatoka. Soksi za binti zilianza kumsugua kisiginoni, tukasimama mara moja tukabandika plasta pakiwa bado pekundu tu, kabla ya lengelenge. Hilo ndilo ninalosisitiza kwa kila ninayetembea naye: sema ukisikia joto mguuni, usisubiri maumivu.

Baada ya saa mbili tulifika kwenye kijito kinachoingia mtoni. Kwenye ramani ni mstari mwembamba, na mara zote nilizopita nilikivuka kwa kurukaruka juu ya mawe. Siku ile mawe hayakuonekana. Maji yalikuwa kahawia na yana mikunjo. Upana wake haukuzidi urefu wa watu wawili waliolala, na upande wa pili njia ilionekana kabisa, inaendelea.

Nilitupa kipande cha ukuni. Kilikwenda kwa kasi ya mtu anayekimbia. Nikachomeka fimbo pembeni, kina kikafika kwenye goti, na huko katikati sikuweza kuona. Maji ya mbio yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na kasi ikiongezeka maradufu, msukumo unaongezeka mara nne. Zipo njia za kuvuka: fungua mkanda wa kiunoni wa shanta ili ukianguka ulivue, kabili maji yanakotoka, fimbo mbele, hatua moja kwa wakati. Nazijua, na nimezitumia. Lakini kanuni yangu ni kwamba nisipoiona miguu yangu sivuki, na kijito kinachoingia kwenye mto mkubwa chini kidogo tu hakitoi nafasi ya kukosea.

"Tunarudi," nikasema.

"Shangazi, ni padogo! Tumetembea saa mbili!"

"Najua."

"Kwa nini tusijaribu mara moja? Mimi najua kuogelea."

Nikamwambia kwamba kwenye maji yale hakuna kuogelea, kuna kubebwa. Alilia kidogo, kwa hasira ya uchovu, nami nilikaa naye kwenye gogo mpaka akamaliza. Sikumlaumu. Tukaweka kijiti pale pia, tukala mchana, tukangoja saa nzima. Maji yalishuka chini ya upana wa kidole. Kwa mwendo huo yangehitaji siku nzima, nasi hatukuwa na siku nzima. Maporomoko yale sijayaona tangu mwaka juzi, na yananiuma, kwa sababu nilitamani sana ayaone. Nusu ya furaha ya kumpeleka mtoto porini ni kutazama uso wake mbele ya kitu ulichokwisha kukipenda.

Tulirudi taratibu. Njiani alianza kuona vitu bila kuonyeshwa. Alinionyesha ukingo wa nje wa kona ukiwa umekatwa wima na mizizi ikining'inia hewani. Alionyesha majani yaliyosokotwa kwenye kichaka, akasogea kujipima nayo, yalimfika kifuani. Akanionyesha nyayo za mnyama mdogo mwenye kucha, zimeteremka majini na kupanda tena, na akazizunguka ili asizikanyage.

Jioni nilikaa chini kabisa, nikamwambia achague yeye pa kulala. Sikurudi kwenye kibaraza cha jana, tulikuwa mbali nacho. Alikwenda mtoni, akarudi, akaanza kuhesabu kutoka kwenye maji, midomo ikichezacheza. Alipofika 70 hakusimama. Alitazama juu kwenye miti, akapiga hatua nyingine kumi hivi, akachuchumaa, akaweka kiganja chini. Sikumfundisha hilo la kiganja, nadhani alikuwa ananitazama usiku ule kumbe sikujua.

"Hapa," akasema.

Palikuwa na mteremko mdogo na jiwe moja la ubavuni, ambalo lilinisumbua hadi asubuhi. Sikumwambia.

Kulipopambazuka fuko lake la kulalia lilikuwa tupu. Nikasikia viatu vikipanda kutoka mtoni, zipu ya hema ikafunguliwa, uso wake ukaingia ukiwa mwekundu kwa baridi.

"Vidole vitatu, shangazi. Yameshuka vidole vitatu, na mawe ya chini yanaanza kuonekana."

Nikawasha jiko.